Herufi moja ilivyompangia mweka hazina chumba na dereva

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Kwetu ni Newala, ila nimelelewa Msumbiji kwa mama mkubwa na shule nimesoma huko huko, kwa Kireno. Watu wa huku unatujua, Ruvuma ni mpaka wa kwenye ramani, ndugu wako ng'ambo zote mbili. Niliporudi nyumbani, kikundi kimoja cha wabanguaji wa korosho kikaniomba niwe mfasiri wao. Wengi ni akina mama, wanaume wa kuhesabika. Wana urafiki na kikundi cha wenzao wa Nampula, Msumbiji: wanaandikiana, wanatembeleana, wanapeana mbinu za kubangua bila kuvunja punje. Malipo yangu ni nauli na vocha, na msimu ukikubali napewa kilo mbili za zilizobanguliwa. Hapo silalamiki.

Balaa lilianza mwezi wa saba. Kikundi kilipeleka watu watatu Nampula: katibu, mweka hazina na dereva wa gari la kukodi. Nikapewa barua ya utambulisho niifasiri. Kwa Kiswahili ilisema "katibu, mweka hazina na dereva", basi. Nami nikaandika "o secretário, o tesoureiro e o motorista", nikaituma, nikaenda zangu sokoni.

Shangazi, mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, ana wajukuu, na halali nje ya kwake ila kuna msiba au harusi. Walifika Nampula saa nne usiku, vumbi la tangu Daraja la Umoja limewajaa mpaka kwenye nyusi. Wenyeji wakawakabidhi funguo mbili: wa chumba cha katibu peke yake, na wa chumba cha mweka hazina na dereva. Vitanda viwili, neti mbili, taulo mbili zimekunjwa vizuri juu ya mito. Mama akabaki mlangoni na kibegi chake. Wenyeji nao wakabaki wameduwaa, kwa sababu walikuwa wanamsubiri mwanaume. Mwisho alilala kwa mpishi wa nyumba ile ya wageni, godoro chini.

Aliporudi hakunigombeza. Alikuja na nakala ya ile barua, akaiweka mezani kwangu, akaondoka. Chini ya herufi moja, ile "o" iliyo mbele ya "tesoureiro", kulikuwa na mstari wa kalamu. Kule walishamweleza.

Basi nikasema sasa nitakuwa makini. Barua iliyofuata kutoka Nampula ikaanza "Caras companheiras e caros companheiros". Mkutano ulikuwa chini ya mkorosho, nikaisoma kama ilivyo: "Wapendwa wenzetu wa kike na wapendwa wenzetu wa kiume." Aya ya pili tena, wa kike na wa kiume. Aya ya tatu tena. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Samahani binti, kuna wenzetu wa aina nyingine hawajatajwa?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasema, "Soma barua, usitugawe."

Halafu kuna kijana wa kike wa kule anayeshika simu ya kikundi chao. Yeye ujumbe wake unaanza "Olá a todes". Hilo sikulisoma shuleni, nilijua "todos", wote wa kiume, na "todas", wote wa kike, tu. Nikalitamka lilivyo. Bibi mmoja akauliza, "Huyo Todesi ndiye nani? Naye yumo kwenye hesabu ya chakula?"

Nyumbani nako hakukaliki. Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari, anasema Kiswahili hakina ubaguzi, yeye ni yeye, na huu ni ugomvi wa Wazungu na lugha zao ambao mimi nawabebesha wazee wa watu. Mdogo wangu yuko chuo Dar, anasema nimepitwa na wakati, niandike "todes" kila mahali. Na siku nikichoka nikiipa programu ya simu inifasirie, daktari anatoka mwanaume, muuguzi anatoka mwanamke, wala haijaniuliza.

Nifanyeje? Na yule mama nitamtazamaje usoni?

Ni mimi, Mfasiri wa Chikongola


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, funga duka la maswali uende kwa mweka hazina. Usiende na somo la sarufi. Nenda na sukari kilo moja, sema "mama nilikosea, nilikuandika mwanaume na sikukuuliza", kisha kaa umsikilize. Angetaka kukuaibisha angesimama mkutanoni. Kakuletea karatasi yenye mstari chini ya herufi moja, na mimi niliyefundisha Kireno miaka mingi sijawahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi vizuri namna hiyo.

Umeshatoka kwake? Sasa tuseme.

Barua ya Kiswahili haikudanganya, ilinyamaza tu. "Mweka hazina" haisemi kama anavaa kanzu au khanga. Kireno hakina ruhusa ya kunyamaza hapo. Ukitaka kuandika cheo hicho, lazima uchague kati ya "o tesoureiro" na "a tesoureira", na usipochagua kwa akili mkono utakuchagulia kwa mazoea. Mkono wako umezoea kwamba anayeshika pesa ni baba. Programu ya simu nayo imejifunza kwa maandishi ya watu wenye mazoea yale yale. Mwaka 2018 Google walianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya sentensi fupi za Kituruki zinazokwenda Kiingereza, kwa kuwa Kituruki kama sisi kina "yeye" mmoja tu. Majibu mawili si ufumbuzi, lakini angalau unakumbushwa kwamba kuna swali la kuulizwa.

Hivi umewahi kufikiria maneno tuliyochukua kwa Wareno yalivyovuka? "Mesa" kwao ni ya kike, "bandeira" ya kike, "caixa" ya kike. "Vinho" ni cha kiume, "lenço" cha kiume. Yalipotua pwani yetu hakuna aliyeuliza. Meza na bendera zikaenda I-ZI, leso ikazifuata huko huko na uanaume wake, kasha likajipatia makasha, mvinyo ukajazwa kwenye U-I pamoja na mto na mkate. Ngeli tunazo nyingi kuwazidi, ila hatukuzigawa kwa kike na kiume. Ndiyo maana Mswahili anayejifunza Kireno huona o na a kama pambo la mwisho wa neno, mpaka siku pambo hilo linapogeuka ufunguo wa chumba.

Na sasa uelewe kwa nini wale wa Nampula wanaandika "companheiras e companheiros" kila aya mpaka mzee wako akachoka. Chukua banda lako la kubangulia. Wamekaa akina mama 40 kwenye mikeka, vidole vimeiva kwa maji ya ganda la korosho, kila mmoja na rungu lake dogo. Kwa Kireno hao ni "elas", "as trabalhadoras". Anaingia kijana mmoja kubeba gunia. Kuanzia anapokanyaga mlango, sarufi ya shule inataka wote 41 wawe "eles", "os trabalhadores". Akitoka na gunia lake, wanarudi kuwa wanawake. Ukilitazama kama hesabu halina mashiko, ila ndivyo vitabu vilivyofundisha na ndivyo sheria, ilani na matangazo ya kazi yalivyoandikwa. Mwanamke anasoma "os agricultores", wakulima, na inabidi akisie: nimo, au simo? Wanawake wakasema tumechoka kukisia, tutajeni.

Sisi nasi tuna kanuni ya mchanganyiko, usifikiri hatuna. Kiti na meza "vimevunjika". Meza haikuwa ya KI-VI, imeburuzwa tu na mwenzake. Lakini meza haitarudi nyumbani kumweleza mtu kwamba leo imehesabiwa kuwa kiti.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: "Caras companheiras e caros companheiros" kwa Kiswahili ni "Wapendwa wenzetu". Imekwisha. Neno "wenzetu" limeshawachukua wote, hakuna aliyebaki nje ya mlango, na ukiongeza wa kike na wa kiume unaziba pengo ambalo halipo. Mwenyekiti alikuwa na haki, uliwagawa. Ukirudisha barua kwa Kireno, huko pengo lipo, wataje wote wawili. Mfasiri anafasiri kazi ambayo sentensi inafanya. Wale walikuwa wanasema "nyote karibuni", wewe ukasoma orodha ya jinsia.

Kuna mahali hutaacha, nako utapajua kwa kusudi la sentensi. Wakiandika kwamba mikopo ya mashine ni kwa "produtoras e produtores", na hoja yao ni kwamba zamani wanawake hawakupewa, hapo sema wazi "wakulima wanawake kwa wanaume". Maana hata "mkulima" wetu asiye na jinsia, ukilitamka siku ya mnada, wengi vichwani mwao wanamwona mzee wa kofia na baiskeli.

Hapo ndipo nina neno na kaka yako, tena ni mwalimu, atanivumilia. Anasema Kiswahili hakina ubaguzi kwa kuwa "yeye" ni mmoja. Muulize yule mtaalamu wa kilimo aliyekuwa anapita vijijini kwao Newala kupima mikorosho na kuhimiza salfa aliitwa nani. Bwana shamba. Akija mwanamke? Bibi shamba, na kijijini watu walilitamka wakitabasamu kidogo. Serikali inasema "afisa ugani", na mimi nalipenda neno hilo ingawa halina ladha. Muulize pia yeye alioa au aliolewa, na kwa nini mkewe hakumuoa. Muulize wanafunzi wake wakikaza msuli wanajikaza nini, na akilia mtoto wa kiume anaambiwa analia kama nani. Viambishi vyetu havina lawama, ila maneno tuliyoyaokota njiani yana mengi ya kujieleza.

Na hili la "mambo ya Wazungu" aliangalie vizuri. Sisi wenyewe tumeshabadilisha lugha kwa ajili ya heshima ya watu, na tumefanya kwa kutumia ngeli hizo hizo. Binadamu ana nafasi yake, A-WA, lakini tulikuwa na kilema na kipofu, tukawapa watu kiambishi cha kiti na kikombe. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Sheria ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, haikuitwa ya vilema. Tulikuwa na neno zeruzeru, leo tunasema mtu mwenye ualbino, na nchini kote kila mtu anajua kwa nini halikuwa jambo dogo. Walikuwepo waliolalamika kwamba maneno ni marefu. Ni marefu kweli. Tukayazoea.

Ukipenda mwongezee na hili: sisi Wamakonde ukoo unafuata kwa mama, na Wamwera wa Lindi hivyo hivyo. Utadhani basi mama ndiye msemaji. Siku ya kikao cha mahari anakaa nani mbele? Mjomba.

Nije kwa "Todesi", ambaye nimecheka naye mpaka nimefuta miwani. Mambo matatu yamechanganyika kichwani mwa watu, na wewe yatenganishe, kwa kuwa anayepinga moja huwa anadhani amepinga yote.

La zamani kabisa ni kumpa mwanamke jina la kike la kazi yake. Hilo halina miujiza. Brazil ilikuwa na sheria tangu 1956 inayotaka vyeo vya umma viandikwe kwa jinsia ya mwenye cheo, na bado Dilma Rousseff alipoingia madarakani kama rais 2011 akataka aitwe "presidenta", watu wakabishana kana kwamba amebuni herufi mpya. Msumbiji walikuwa na Luísa Diogo kuanzia 2004 hadi 2010, na "primeira-ministra", waziri mkuu wa kike, likapita midomoni bila kumkaba mtu. Hata Ufaransa, ambako Akademia yao ya lugha ilikataa kwa miaka mingi, mwaka 2019 ilikubali majina ya kike ya kazi. Sisi Anne Makinda alipokalia kiti mwaka 2010 tulisema Spika, tukaendelea na kikao.

La pili ni kutaja wote wawili, "todas e todos", au kufupisha kwa alama kama Wafaransa wanavyoweka nukta katikati ya neno. Hapo ndipo kelele zilipo. Mwaka 2017 Akademia ya Ufaransa ilisema maandishi hayo yanaiweka lugha kwenye hatari ya mauti, na mwezi mmoja baadaye waziri mkuu Édouard Philippe akaagiza wizara zisiyatumie kwenye nyaraka rasmi. Jimbo la Bavaria huko Ujerumani lilipiga marufuku nyota na alama nyingine za namna hiyo shuleni na ofisini mwaka 2024.

La tatu ndilo la binti wako wa simu: mwisho mpya, e, usio o wala a. "Todes", "amigues", na kwa Kireno hata kiwakilishi kipya "elu". Linatumika zaidi na vijana wa Amerika ya Kusini, wanaosema o na a hazimtoshi kila mtu. Kabla yake waliandika x au @, wakagundua kwamba "todxs" hakuna koo linaloweza kuitoa. Jiji la Buenos Aires liliwakataza walimu mwaka 2022 wasitumie e, x wala @ shuleni. Kwa hiyo mdogo wako akikuambia dunia nzima imeshahamia huko, mwambie dunia bado iko kituoni inagombana na kondakta.

Wewe kazi yako si kuamua nani ameshinda. Binti akiandika "Olá a todes", kwa Kiswahili ni "Habari zenu nyote". Tazama lugha yako ilivyokuhurumia: "nyote" iko pale siku zote, haina o wala a ya kugombania. Na mtu akijiandika "elu" kwenye barua yake, kwa Kiswahili ni "yeye", hakuna kikao. Ukimjibu kwa Kireno, mwite alivyojiita. Hayo ni adabu, kama unavyomwita mtu Mama Fulani kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha. Lakini usichukue maneno ya mzee wa Kiswahili aliyesema "ndugu zetu" ukayatia "todes" kwa niaba yake. Hajasema hivyo, na siku akiulizwa huko Nampula atakuwa hajui anatetea nini.

Kwa barua zenu wenyewe, Kireno kina uchochoro mwingi kuliko unavyodhani, ni vile shule ilitupitisha barabara kuu tu. Nilikuwa mtoto Nachingwea miaka ile Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na kambi pale, Farm 17. Kireno changu cha kwanza sikukipata kwenye kitabu, nilikipata kwa kusikia watu wakiitana "camarada". Mwanaume camarada, mwanamke camarada, neno linaishia a na hakuna mpiganaji wa kiume aliyeona haya. Walipoanzisha kikosi cha wanawake mwaka 1967, wasichana wale waliitwa camaradas kama wengine, na bunduki zao zilikuwa na uzito ule ule. Upande wetu tulikuwa tunaitana "ndugu". Mimi mtoto nilidhani ni neno moja katika lugha mbili. Sijabadilisha mawazo sana.

Yako mengine. "Colegas" ni wote. "Participantes", washiriki, ni wote, ukikwepa kuweka os mbele yake. "A equipa" ni timu nzima. "Quem" ni nani yeyote: badala ya "os que trabalham", wanaofanya kazi, andika "quem trabalha". Na "a pessoa", mtu, ni la kike kisarufi hata mtu mwenyewe akiwa na ndevu mpaka kifuani. "A testemunha", shahidi, vivyo hivyo, "a criança", mtoto, vivyo hivyo. Wanaume wameitwa "a testemunha" mahakamani karne na karne. Siku usiyojua kama mhusika ni baba au mama, andika "a pessoa responsável pelas contas", mtu anayeshughulikia hesabu, na hutakuwa umemlaza yeyote pabaya.

Ila hiyo ni ya siku usiyojua. Mweka hazina ulimjua. Umekunywa chai kwake. Hukuhitaji neno la kukwepa, ulihitaji kumkumbuka. Kwa hiyo kuanzia sasa, barua yenye cheo ikija mezani, pembeni ya kila cheo andika kwa penseli jina la mtu na kama ni baba au mama. Ukikosa jina, piga simu kwa katibu. Dakika mbili hizo.

Nikutahadharishe na shimo moja ambalo mimi nimeshalitumbukia. Nilikuwa nakalimani kwenye kikao Lindi, wageni wakamtambulisha mama mmoja, "a nossa secretária". Nikasema kwa sauti kubwa, "sekretari wao". Wenyeji kwa ukarimu wakampa daftari na kalamu, wakamkalisha pembeni aandike muhtasari. Alikuwa katibu mkuu wao, ndiye mwenye kusaini. Kwa kiume neno hilo linasikika kama kiongozi, kwa kike linasikika kama mpiga chapa, na Kireno kina mifano zaidi: "governante" ni mtawala, "governanta" ni mwanamke anayesimamia kazi za ndani. Hivyo kuweka a mwisho si dawa ya kila kidonda. Sema na kazi yake: katibu mkuu, "a secretária-geral", ongeza jina lake. Na akiwa karibu, muulize mwenyewe anapenda aandikwe vipi. Wapo wanawake wanaotaka "a presidente" na wapo wanaotaka "presidenta", na mimi sina sababu ya kuwachagulia.

Yule mama alimaliza muhtasari wote, mwanangu. Kwa mwandiko mzuri. Kisha akausaini kwa cheo chake, akaninyooshea kalamu bila neno. Kwa hiyo hilo la kumtazama mtu usoni nalijua.

Barua ya safari ijayo iandikie nyumbani kwa mweka hazina, yeye akiwepo. Anza hivi: "Camaradas, seguem para Nampula a nossa tesoureira", jina lake, "o nosso secretário", jina lake, "e o motorista", jina lake. Msomee, umwonyeshe a iko wapi, maana sasa anaijua kuliko unavyodhani. Halafu siku mbili kabla ya safari piga simu uulize vyumba vimepangwaje. Barua inasomwa na mtu mmoja, funguo zinatolewa na mwingine.